Twilight mikononi mwa mtu mzima: kinachonasa, kinachokera, na nakala ya kununua

Jalada halifichi kitu: mikono miwili iliyopauka, tofaa jekundu, na weusi mtupu nyuma yake. Twilight ya Stephenie Meyer ni riwaya ya wasichana wa sekondari. Ndivyo ilivyotungwa, na ndivyo inavyopangwa kwenye rafu za maduka. Wanaoikeshea, mara nyingi, ni watu wenye kodi ya nyumba, mkopo wa benki na watoto wa kuamsha alfajiri. Mwaka 2012 kampuni ya Bowker, inayochunguza soko la vitabu Marekani, ilitangaza kwamba asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vilivyotengewa wasomaji wa miaka 12 hadi 17 walikuwa na miaka 18 au zaidi, na wenye miaka 30 hadi 44 peke yao walibeba asilimia 28 ya mauzo. Ukidhani walikuwa wanawanunulia wanao, hapana: walipoulizwa, asilimia 78 ya manunuzi hayo walisema ni ya kusoma wao wenyewe.

Kwa hiyo tathmini hii haimhusu binti. Inamhusu mama yake, shangazi yake, mjomba anayesoma kwa kificho kwenye simu ndani ya daladala, na yeyote aliyeanza "kuangalia tu" saa tatu usiku akashtukia adhana ya alfajiri. Hukumu kwa ufupi: cha kwanza nunua, cha pili na cha tatu azima, cha nne kisome ukishakubali kwamba kitakuudhi.

Kwanza uzito wa mzigo. Riwaya kuu ni nne: Twilight (2005), New Moon (2006), Eclipse (2007) na Breaking Dawn (2008), na kwa Marekani zote zimetolewa na Little, Brown. Matoleo ya kwanza ya huko yenye jalada gumu yana kurasa 498, 563, 629 na 756 kwa mfuatano huo. Kila kimoja ni kinene kuliko kaka yake, na aliyezoea riwaya za mfululizo anajua hiyo ni dalili ya nini: mauzo yakipanda, kalamu nyekundu ya mhariri hukauka wino. Maneno yote yanakaribia 590,000. Anayesoma Kiingereza kwa wepesi, maneno 250 kwa dakika, atamaliza cha kwanza kwa saa 8 hivi na vyote vinne kwa saa 40. Anayekwenda taratibu, maneno 150 kwa dakika, atenge saa 13 kwa cha kwanza na 65 kwa vyote. Kiingereza chenyewe ni chepesi, sentensi si ndefu na mazungumzo ni mengi. Aliyemaliza kidato cha nne hatashika kamusi mara nyingi, ila pale Meyer anapoanza kusifia uzuri wa Edward, na hapo unaruka aya nzima bila hasara.

Bella Swan, miaka 17, anahama kutoka Phoenix, Arizona, mji wa jua kali, kwenda kuishi na baba yake Charlie, mkuu wa polisi wa Forks. Forks ipo kweli: mji wa mbao wenye watu elfu tatu na ushei, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Washington, ambako mvua ndiyo hali ya kawaida. Meyer alikuwa hajawahi kukanyaga huko alipoanza kuandika. Alitafuta kwenye intaneti mahali penye mvua nyingi Marekani kwa sababu vampaya wake hawaungui juani. Ngozi yao inametameta kama iliyonyunyiziwa vumbi la almasi, na jua likiwamulika mbele za watu siri imekwisha. Wanahitaji mawingu. Familia ya Cullen inakunywa damu ya wanyama tu, baba ni daktari wa hospitali, na "watoto" wanakwenda shule kama wengine. Edward, mmoja wao, amekuwa na miaka 17 tangu 1918, alipogeuzwa akiwa mahututi kwa mafua ya Kihispania huko Chicago.

Msomaji wa huku kwetu anaingia na urithi tofauti kidogo. Mnyonya damu wa uvumi wetu ni mumiani wa pwani, au wazimamoto wa Nairobi na Kampala za enzi ya mkoloni: mtu wa mshahara, mwenye gari na vifaa, anayenasa watu usiku ili damu yao ikatumike kwa dawa. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi ya namna hiyo na kuyatolea kitabu mwaka 2000, na ukiyapitia hutamkuta mumiani anayepiga piano. Edward anapiga piano. Inabidi uimeze hiyo mapema, vinginevyo utacheka mahali pasipostahili.

Sasa mtego wenyewe. Fungua sura ya kwanza, kipindi cha baiolojia. Kiti kilichobaki wazi ni kimoja, kando ya Edward. Bella anakaa. Kijana anajivuta hadi ukingoni mwa kiti chake, anageuza uso kama aliyepigwa na uvundo, ngumi ameikaza juu ya paja kipindi kizima. Bella ananusa nywele zake mwenyewe kwa siri: zinanukia stroberi, harufu ya shampuu anayoipenda. Kengele inalia na kijana ametoka kabla mtu yeyote hajainuka. Baadaye Bella anamkuta ofisini akibembeleza abadilishiwe kipindi. Siku zote zilizobaki za wiki hiyo haonekani shuleni. Anaporudi ni mpole, ana maneno mazuri, na macho yaliyokuwa meusi tii yamegeuka rangi ya dhahabu iliyoiva.

Hakuna jino lililoonekana hapo wala tone la damu. Kuna msichana anayejiuliza swali ambalo kila mtu mzima amewahi kulala nalo: nimemkosea nini huyu? Na Meyer hana haraka ya kumjibu. Jacob Black, kijana wa kabila la Waquileute, anasimulia ngano za watu wake ufukweni La Push katika sura ya 6. Edward anakiri ndani ya gari katika sura ya 9. Maelezo kamili ya ile ngumi yanakuja sura ya 13, kwenye uwazi wa maua katikati ya msitu. Adui wa kweli wa hadithi anatokea sura ya 18, na kitabu kina sura 24. Yaani takriban robo tatu ya riwaya ni watu wawili wanaokaribiana sentimita moja moja, na mkono kugusa shavu ni tukio la kurasa kadhaa. Aliyezoea hadithi za upelelezi ataita huo uzembe wa msuko. Ajaribu basi kuiweka chini kwenye sura ya 10.

Lakini kuchelewesha peke yake hakumkeshi mwenye miaka arobaini. Tamthilia za Kituruki zinachelewesha vizuri zaidi, na mtu huzima televisheni akalala. Kinachomnasa mtu mzima kimewekwa sura ya 2, ndani ya kabati la jikoni. Bella amefika juzi tu na ameshagundua kwamba baba yake hapiki zaidi ya mayai na nyama ya kukaanga. Anaomba akabidhiwe jiko. Kabatini kuna kopo lililoandikwa kwamba ni la pesa ya chakula. Anachukua pesa, anaandika orodha, anapitia dukani baada ya masomo, anarudi anafunga viazi kwenye karatasi ya foili na kuvitia ovenini, nyama anailoweka kwenye viungo. Mama aliyemwacha Phoenix ni mtu wa kusahausahau, na kwenye sura ya kwanza binti anajituliza kwamba kwa kuwa mama sasa ana mume mpya, huenda bili zitalipwa na friji haitakaa tupu.

Huyo si mtoto wa miaka 17. Ni mwanamke wa miaka 38 aliyebebeshwa mkoba wa shule, na msomaji wa rika hilo anamtambua kabla hajajua kwamba amemtambua. Ndipo sura ya 8 inafanya kazi yake. Mjini Port Angeles wanaume wanamfuata Bella gizani. Edward anatokea na gari, anamwondoa hapo, na jambo la kwanza analolitaka ni Bella ale. Anamwingiza mgahawani, Bella anaagiza ravioli za uyoga, na kijana ambaye mwenyewe hagusi chakula anamsukumia kikapu cha mkate na kusimamia hadi soda iishe. Kwa Mswahili hapo hakuna cha kufafanua. "Umekula?" ni sentensi ya mapenzi kuliko nyingi zenye neno mapenzi ndani yake, na mtu ambaye kila siku ndiye anayeiuliza, hata siku moja haulizwi yeye, ataisoma sura hiyo mara mbili.

Ongeza fumbo la pili. Edward husikia mawazo ya kila mtu isipokuwa ya Bella, kwa hiyo hana njia ila kumuuliza. Katika sura ya 11 anamhoji siku nzima: rangi unayoipenda, muziki, vitabu, huko ulikotoka kukoje. Anauliza na anasubiri jibu. Aliye na miaka kumi na tano kwenye ndoa aisome akiwa ameketi.

Sasa kinachokera. Utunzaji uleule, ukiusukuma kurasa mia chache mbele, unageuka kufuli, na Meyer haelekei kuona mpaka uko wapi. Tayari kwenye kitabu cha kwanza Edward anakiri kwamba usiku huingia chumbani kwa Bella kumtazama akilala, bila ruhusa, na kinachomsumbua binti ni kwamba yeye huongea usingizini. Kufika Eclipse, Edward anachomoa kifaa kwenye injini ya gari la Bella ili asiende kumtembelea Jacob. Baadaye anamhonga dada yake Alice gari la Porsche la manjano amshikilie Bella nyumbani mpaka yeye arudi kutoka mawindoni. Kitabu kinamkaripia kidogo, kisha kinamsamehe. Mtu mzima anayajua majina mengine ya mambo hayo. Kama unampa binti yako mfululizo huu, usihangaike na kurasa za mapenzi, kwa maana hakuna kitu: hadi ndoa katika kitabu cha nne hakuna tendo, na hata baada ya harusi mlango unafungwa msomaji akiwa nje. Wewe tangulia kusoma Eclipse, kisha mzungumzie lile gari lililochomolewa kifaa.

Uandishi nao una madoa yasiyohitaji darubini. Edward ni marmar, Edward ni sanamu, nywele shaba, macho johari, na kesho yake tena marmar. Watu hawasemi neno likaisha hivihivi. Wananong'ona, wanaguna, wanahema. Wanafunzi wenzake wa kibinadamu, Jessica na Mike na wengineo, wamekatwa kwa karatasi. Ila kuna ufundi mmoja ambao wakosoaji huupita: Bella hajaelezwa sana sura yake. Mweupe aliyepauka, nywele kahawia, macho kahawia, hujikwaa. Basi. Gauni limeshonwa pana makusudi ili limwenee kila avaaye.

New Moon ndipo wengi wanapoachia njiani, na sababu inahesabika. Edward anaondoka katika sura ya 3 na Bella hamfikii tena mpaka sura ya 20, huko Volterra, Italia. Katikati ni sauti ya Edward tu kichwani mwa Bella. Baada ya sura ya 3 kuna kurasa zenye neno moja moja: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, kila moja ukurasa wake, chini yake hakuna kitu. Ndiyo kurasa bora za mfululizo mzima, na hazina sentensi hata moja. Msiba wa kuachwa mtu mzima anaukumbuka hivyohivyo, miezi yenye majina matupu. Wanaosoma kwenye simu huzipitisha wakidhani faili limeharibika, halijaharibika.

Baada ya hapo subira inalipwa gereji kwa Jacob. Bella anampelekea pikipiki mbili mbovu na wanakaa wanazifufua pamoja, soda vuguvugu, vipuri sakafuni, porojo zisizo na maana. Jacob ana miaka 16 na ni kati ya watu wachache katika vitabu vinne wanaofanya kazi kwa mikono ukawaona wanaifanya. Hapo wasomaji waligawanyika makundi mawili yanayozozana hadi leo, na wengi waliovuka miaka thelathini husimama upande wa gereji bila kupanga.

Eclipse ina msuko mkali kuliko vingine: jeshi la vampaya wapya linaundwa Seattle, na kuna kisasi kinachotembea tangu kitabu cha kwanza. Simulizi ya Rosalie, dada mwingine wa Edward, katika sura ya 7, ya jinsi alivyogeuzwa usiku ule na nini hasa alipoteza, ni ya mtu mzima kabisa. Ikikuuma, Emily Brontë anakungoja: Bella anasoma Wuthering Heights humohumo, na mwaka 2009 HarperCollins waliichapa upya riwaya hiyo ya 1847 kwa jalada jeusi lenye ua, na maneno kwamba ndicho kitabu wakipendacho Bella na Edward. Iliuzika. Walionunua wakitarajia Edward walimkuta Heathcliff, na huyo hamuulizi mtu kama amekula.

Breaking Dawn. Siku ya kwanza sokoni, tarehe 2 Agosti 2008, iliuza nakala milioni 1.3 Marekani peke yake, na manung'uniko hayakuchelewa. Kosa ni la kiufundi kabla ya kuwa la ladha. Mashine iliyokuwa ikienda kwa kunyimwa, katika sura za mwanzo inapewa kila kitu: harusi, fungate kisiwani pwani ya Brazili, mimba. Kisha Bella mwenyewe anageuzwa, na mara hajikwai tena, hachoki, halali, ana pesa. Yule mtu wa kopo la pesa ya chakula ametoweka, na pamoja naye sababu ya kukesha. Kilichobaki ni mpambano na Volturi, watawala wa vampaya, ambao pande mbili zinajipanga kwenye theluji, zinazungumza kurasa nyingi, zinarudi nyumbani. Waliotengeneza filamu ya 2012 waliliona pengo hilo wakaongeza vita kamili, kisha wakaifanya kuwa maono ya Alice. Na kuna jambo la Jacob kufungwa kimapenzi na mtoto aliyezaliwa siku hiyohiyo. Meyer ameliwekea kinga za kila aina, kwamba sasa ni ulinzi tu, kama wa kaka. Mtu mwenye mtoto mchanga ndani ya nyumba hatanunua hizo kinga. Usitupe kitabu chote lakini: sehemu ya pili, sura ya 8 hadi ya 18, inasimuliwa na Jacob, ina kejeli, ina hasira, na inakimbia.

Neno moja kuhusu mbwamwitu, maana katika riwaya Jacob na wenzake wa kabila la Waquileute hugeuka kuwa mbwamwitu. Waquileute si watu wa kubuni. Wako La Push, wana uongozi wao wa kikabila, na simulizi yao ya asili inasema walitokana na mbwamwitu waliogeuzwa kuwa watu. Meyer ameipindua, akawafanya watu wanaogeuka mbwamwitu kupigana na vampaya. Vampaya hawamo kabisa katika mapokeo yao. Jumba la makumbusho la Burke la Seattle lilishirikiana na kabila hilo kuweka wazi lipi ni lao na lipi ni la riwaya, na yeyote anayeanza kuzungumzia "ngano za Jacob" kama elimu ya mila apitie kwanza huko.

Kuhusu usingizi, kuna mbinu moja inayofanya kazi na inatokana na jinsi vitabu hivi vilivyojengwa. Meyer hufunga sura kwa kitanzi. Mwisho wa sura ya 9, kwa mfano, Bella anahesabu mambo matatu ambayo sasa ana hakika nayo, na hakuna anayeweza kulala hapo. Kwa hiyo usijiwekee ahadi ya "namaliza sura hii nalala". Hiyo ndiyo ahadi iliyokukesha jana. Achia katikati ya sura, kwenye mazungumzo ya darasani au safari ya dukani, pale palipotulia. Usianze sura ya 17 ya kitabu cha kwanza baada ya saa nne usiku, maana kuanzia hapo hadi mwisho hakuna kituo. Na ukimaliza Twilight usiku, usifungue New Moon usiku huohuo. Sura zake tatu za kwanza zinaishia kwenye kuachwa, na utakwenda kazini na huzuni ya mtu asiyekuwepo.

Anayefanya kazi za nyumbani anaweza kusikiliza badala ya kusoma. Kitabu cha kwanza kinasomwa na Ilyana Kadushin na hakifiki saa 13. Sauti yake imetulia, mahali pengine imetulia mno. Ongeza kasi kidogo, 1.25 inatosha. Filamu ya 2008 haikupi kitu kilekile, kwa sababu ile sauti ya ndani ya Bella, inayojibishana na yenyewe huku ikikatakata viazi, imebaki kwenye karatasi.

Ukinunua nakala ya mtumba, usihesabu kurasa, kwa kuwa idadi hubadilika kwa kila toleo. Hesabu sura. Twilight iwe na dibaji, sura 24 na tamati kwenye dansi ya shule. New Moon sura 24 na tamati. Eclipse sura 27 na tamati inayosimuliwa na Jacob. Breaking Dawn sura 39 katika sehemu tatu. Upungufu hutokea nyuma, pale gundi ya uti wa kitabu inapoachia, na Breaking Dawn ya jalada laini, kwa unene wake, ndiyo inayopasuka mapema. Ukiweza ipate ya jalada gumu. Jalada lenye picha za waigizaji halibadilishi maneno ndani. Toleo la miaka kumi, la 2015, huwachanganya watu: upande mmoja ni Twilight, ukiligeuza juu chini unaanza Life and Death, hadithi ileile ambamo wahusika wengi wamebadilishwa jinsia, msichana ndiye vampaya na mvulana ndiye anayejikwaa. Halijafungwa vibaya kiwandani. Life and Death inafaa kwa jaribio moja tu: chukua mambo yaliyokukera kwa Edward, uone kama yanakukera vilevile yakifanywa na Edythe. Mwisho wake si ule wa Twilight.

Kile kitabu kidogo cha Meyer cha 2010 kuhusu Bree Tanner, mmoja wa vampaya wapya wa Eclipse, kurasa 178, kisomwe baada ya Eclipse au kisisomwe. Fifty Shades of Grey ya E. L. James ilianza kama hadithi ya mashabiki iliyowatumia Bella na Edward, kisha majina yakabadilishwa. Watu wengi wamesukumiwa wakiambiwa "ni Twilight ya wakubwa". Ni kitabu cha mambo ya chumbani waziwazi. Anayetaka vampaya wenye mikono na miguu zaidi, mapigano, shule yenye sheria zake na urafiki wa wasichana wawili unaoubeba msuko, achukue Vampire Academy ya Richelle Mead, vitabu sita vya 2007 hadi 2010. Mwendo wake ni wa haraka na mhusika mkuu hangojei kuokolewa.

Inabaki Midnight Sun ya 2020, kurasa 658, hadithi ya kitabu cha kwanza ikisimuliwa na Edward. Sura kadhaa zilivuja mwaka 2008, Meyer akaiweka kando kwa miaka kumi na miwili. Kama ununuzi ni mgumu kuutetea: unajua kila kitakachotokea, na fumbo la ngumi iliyokazwa halipo tena kwa sababu uko ndani ya ngumi. Ila sura yake ya kwanza ni kitu kingine. Ni kile kipindi cha baiolojia, kiti kilekile, na kijana anayejivuta pembeni yuko katikati ya kupanga, kwa utulivu wa kutisha, jinsi ya kuwaua wote darasani na aanze na nani ili asisikike. Kisha anapanga njia nyingine, ya kumvuta yeye peke yake. Kando yake Bella anaandika maelezo ya mwalimu, hana habari. Isome hiyo dukani ukiwa umesimama, kisha irudishe kwenye rafu.